Mpira Mwembamba wa Saa ya Mzamiaji

KIBITI, Novemba 1993. Saa mbili asubuhi sokoni. Twalibu Mshamu, fundi saa, ameinamia ndoo ya maji kama mtu aliyetumbukiza ufunguo wa nyumba. Ndani, chini kabisa, kuna saa ya mkono.

"Tangu jana alasiri," anasema bila kuinua kichwa. "Itazame. Iko majini na inatembea!"

"Bado kuitia sabuni tu," anamtania Mwanaidi, muuza vitumbua wa jirani.

Twalibu ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka ishirini ametengeneza saa kuukuu, nyingi zikiwa zimeshapita mikono mitatu. Tangu biashara iwe ruksa, wachuuzi wa Dar es Salaam wanaleta mpya. Mwezi wa nane zilikuja mbili ambazo hakuwahi kuziota.

Moja ina picha ya ndege ya mabawa mawili, tarakimu kubwa, na kitufe cha kutia ufunguo kinene kama karanga. Mchuuzi alimweleza kwamba marubani wa kwanza walikaa wazi kwenye upepo, wamevaa glavu, hivyo walitaka kitufe cha kushikika. Twalibu hupunguza sauti anapoishika.

"Babu yangu aliziona ndege hizo vita ya Mjerumani, zikitafuta meli yake ya kivita iliyojificha huko deltani. Alijificha kwenye mikoko. Mimi leo naishika!"

Nyingine ni ya wazamiaji. Aliinunua Mwinyimvua wa Mbwera, anayeopoa nanga na mashine za boti zilizozama. Alitoa thamani ya magunia mawili ya mpunga. Huko maji hutulia kidogo tu kati ya kupwa na kujaa. Pete inayozunguka kioo humwonyesha muda uliobaki kabla mkondo haujarudi.

Lakini Twalibu ana desturi: hauzi saa bila kuifungua na kuitia mafuta. Ndani ya kifuniko cha hii ya wazamiaji alikuta mpira mwembamba kama uzi. Saa alizozizoea hazikuwa nao. Akadhani ni wa kufungashia tu, akautoa.

"Saa ilisimama mimi niko chini," anasema Mwinyimvua, aliyefika kuitazama saa aliyoirudisha wiki iliyopita. "Naangalia, naona muda bado. Mkondo ukaniburura hadi kwenye mizizi ya mikoko." Kidonda begani ndiyo kwanza kinakauka.

Twalibu hajitetei. "Nilimwambia haiingizi maji, akaniamini. Mjinga ni mimi, si saa."

Bahati yake, hatupi kitu. Mpira ulikuwa koponi. Ameisafisha saa, akaurudisha uzibe maji na kuupaka grisi.

Mwinyimvua anaitoa ndooni, anaisikiliza, anairudisha. "Ndoo haina mkondo, fundi."

"Basi nitaivaa mimi. Twende Mbwera, unizamishe."

"Wewe hujui kuogelea."

"Ndiyo maana utanishika."

Mwanaidi anaacha kikaango. "Twalibu! Saa itoke nzima, wewe maiti, itatufaa nini?"

"Itamfaa mwenye saa."

Wamekubaliana Ijumaa, baada ya sala. Ikiingia maji, Twalibu anasema atafunga kibanda, kwa kuwa fundi asiyeaminika hana kazi. Ikitoka inatembea, anataka amvalishe Mwinyimvua saa hiyo kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu wa Mbwera.

Tunapoagana ameshaivaa. Mkono wa kushoto ameutumbukiza ndooni hadi kwenye kiwiko.

"Nauzoesha," anasema.