Ratiba ya Gari la Moshi

Mwezi wa sita uliopita nilirudi stesheni kuu ya hapa Sydney kwa shughuli ile ile ya zamani, siku ambayo wazee wapenda reli huyatoa magari ya moshi kwenye mabanda yao, wakayapangusa mpaka yakang'aa, kisha wakawapakia watu mabehewani na kuwazungusha mjini. Nilikwenda na binti yangu. Kabla hata ya kutafuta choo, jambo alilokuwa akilidai tangu tunapanda treni Fairfield, nilinyoosha mkono kwenye meza ya mlangoni nikingoja kupewa kijitabu. Mzee wa mezani, mwenye ovaroli ya buluu na kofia ya reli, alinielekeza kwenye ubao. Juu yake palikuwa na kile kimraba chenye madoadoa cha kupiga picha kwa simu. Akanieleza kwa upole kwamba mwaka huu hawakuchapisha chochote, kila kitu kimo humo.

Najua ungenicheka, rafiki yangu. Mtu mzima, mama wa mtu, nimeduwaa mbele ya ubao kama niliyefika harusini nikaambiwa chakula kimekwisha. Lakini kule Nakuru kuna bibi kizee anayekisubiri kijitabu hicho kila mwaka, na binamu yangu wa Minto, ambaye angekipeleka, alikuwa anasafiri kwenda huko wiki hiyo hiyo. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo ndipo utaelewa.

Nyanya alikuja kwetu mara ya kwanza nilipokuwa shule ya msingi, mdogo wangu alipozaliwa. Mama alikuwa akifanya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, baba alikuwa akipanga mizigo katika bohari moja kule Smithfield, na mtoto hawezi kujilea mwenyewe. Nyumba yetu ya Fairfield ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita, glasi za kabatini ziligongana. Wageni wengine walilalamika. Nyanya alilala usiku wa kwanza mpaka jua likatoka, akaamka akasema hajapata usingizi mzuri kama huo tangu miaka ya ujana wake. Alikuwa amekaa maisha yake yote ya ndoa kwenye landhi, zile nyumba za mstari mmoja za wafanyakazi wa reli Nakuru, ambako majirani walitoka kila kabila na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya foleni ya maji na ya kugombania kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulikisema hicho, hata wenzetu wa kanisani walipokuwa wakizungumza lugha za kwao.

Babu alikuwa dereva wa gari la moshi. Tulijua hilo tu. Yeye mwenyewe alibaki Nakuru, akisema ndege ni kitu kisicho na reli na hivyo hakiaminiki. Kwa simu alikuwa mtu wa maneno machache: mko salama, haya, msimalize pesa. Mama aliniambia kwamba hata wao watoto wake hawakuwahi kumsikia akisimulia kazi yake, na walijifunza kutomuuliza.

Siku moja mwalimu wangu alitupa karatasi ya kupeleka nyumbani, tangazo la siku ya magari ya moshi. Nyanya alikuwa akikaanga mandazi, jikoni kunanukia iliki. Aliiona picha kwenye karatasi, akazima jiko, akafuta mikono kwa leso na kuishika karibu na dirisha. Halafu akatangaza kwamba familia nzima itakwenda, na mama atabadilishana zamu na mtu.

Sasa uelewe jambo moja kuhusu nyanya. Kwao hakuna shughuli ya maana isiyo na ratiba iliyochapishwa. Harusi, mazishi, kusimikwa kwa mchungaji, yote yana kijitabu chenye picha kwenye jalada, na kijitabu hicho hakitupwi. Alikuwa nazo ratiba za watu waliozikwa kabla mama hajazaliwa, ndani ya bati la biskuti, na angeweza kukuambia nani alisoma somo la pili. Kwa hiyo tulipofika stesheni na kila mmoja wetu akapewa kijitabu kizuri cha karatasi nzito, kinachonuka wino, chenye gari la moshi kwenye jalada, nyanya hakuwa na shaka ameshika kitu gani. Alikuwa pia amevaa inavyopaswa, kitambaa cheupe kichwani na sare ya kina mama wa kanisa. Baba alilazimishwa kuvaa tai. Watoto wa Kizungu walikuwa na makoti ya mvua na viatu vya michezo, mimi nina gauni la Pasaka na soksi zenye lesi, na masizi yananidondokea.

Akaniambia nianze kusoma ukurasa wa kwanza, nimtafsirie, na pasirukwe kitu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu za mwenyekiti wa chama chao cha reli. Nyanya akauliza mwenyekiti atasimama wapi kuzitoa. Sikujua. Basi tukasimama karibu na kibanda cha chai, familia nzima na tai yetu, tukimngoja mwenyekiti. Mama alikuwa ameanza kuelewa kosa lakini nani angemwambia mama yake? Baadaye nyanya akaamua kwamba mwenyekiti amechelewa kama wenyeviti wote na tuendelee bila yeye. Injini tulizitembelea kwa kufuata kurasa, sio kwa kufuata zilivyopangwa, kwa hiyo tulikwenda mwisho wa jukwaa, tukarudi, tukaenda tena, tukiwasalimia watu wale wale. Tulipofika jalada la nyuma palikuwa na tangazo la duka la rangi za nyumba. Nyanya aliitazama picha ya mwenye duka akauliza kama huyo ndiye atakayefunga kwa sala. Baba alijifanya anakohoa.

Lakini hapo nimeruka kurasa za katikati, na nyanya asingenikubalia.

Kwenye kurasa za katikati palikuwa na picha kubwa ya injini ya ajabu, ndefu, ya vipande viwili: magurudumu mbele na maji juu yake, magurudumu nyuma na makaa juu yake, na tumbo la kuchemshia limening'inia katikati. Tulipoifikia yenyewe, imesimama inapumua mvuke, nyanya alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hili ni la babu yako," akasema.

Halikuwa lile lenyewe, bila shaka, ila ni la aina ile ile. Aliweka kiganja chake kwenye chuma na mzee mmoja mwenye kitambaa cha mafuta akamwacha. Hapo ndipo alipotusimulia, mama akiwa anasikia kwa mara ya kwanza. Injini za dizeli zilipochukua kazi, gari la babu lilisukumwa hadi kwenye uwanja nyuma ya karakana, likakatwa vipande kwa moto, na babu akasimama pale mpaka likaisha. Akarudi nyumbani na bakuli lake la chakula halijafunguliwa. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za gari la moshi. Alidhani yote ulimwenguni yamekatwa, nyanya akasema, na hapa watu wazima wanayapangusa masikio.

Kutoka hapo hakuna aliyeruhusiwa kukunja kijitabu kile. Jioni, nyumbani, aliniketisha mezani anionyeshe ukurasa mmoja mtupu ulioachwa karibu na mwisho. Alitaka niandike majina ya wote tuliohudhuria, kwa sababu ratiba isiyo na majina ya watu kwake ilikuwa tangazo la duka tu. Nikaanza na jina lake. Akanisimamisha.

"Wa kwanza andika babu yako. Yeye ndiye mwenye shughuli."

Visa yake ilipokwisha alikibeba kwenye mkoba wa mkononi, hakukiamini sanduku. Nililia uwanja wa ndege mpaka nikapewa peremende. Wiki kadhaa baadaye simu ililia mama akiwa ndio kwanza ametoka zamu, na alikuwa babu, na hakusema tusimalize pesa. Alisema walioandika kile kitabu wameandika vizuri kiasi, lakini wanaposema mlima ulilipa taabu gari lile, waje kwake awaeleze mlima ni nini, awape habari za kupanda Timboroa na mabehewa yamejaa mahindi. Alisema huko kwenu mnachoma makaa ya mawe, sisi tulichoma mafuta, na moto wa mafuta una adabu zake. Alisema mpaka salio lilipokatika, akapiga tena. Mama aliketi sakafuni jikoni na sare yake ya kazi, akicheka na machozi yakimtoka. Alikuwa mtu mzima, na ndio kwanza anazungumza na baba yake.

Basi ikawa desturi. Kila mwaka tulikwenda, kila mwaka kijitabu kilisafiri na mtu, majina yetu ndani na la babu juu. Babu alivisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wazee wenzake wa reli walikuja Jumapili baada ya kanisa, na kijitabu kikapita mkono kwa mkono, huyu anakipeleka dirishani, yule anakigeuza kutazama bomba, mwingine analala nacho nyumbani kwake na kukirudisha na alama ya kikombe cha chai. Watu husema karatasi ni uchafu wa bure, na sina ugomvi na simu, yangu inanilipia hata bili. Ila sijawahi kuona wazee watano wakigombania simu ya mmoja wao ili wakalale nayo. Nyanya mwenyewe alirudi kwetu mara mbili zaidi, na mara zote mbili tulimngoja mwenyekiti karibu na kibanda cha chai, sasa kwa makusudi.

Babu alifariki binti yangu akiwa mchanga. Kwenye mazishi, vijitabu vyote viliwekwa mezani kando ya picha yake, na nikawaona watu wanavifungua kutafuta majina. Nilidhani nyanya atasema sasa inatosha. Mwaka uliofuata alipiga simu kuuliza kitabu kimechelewa nini.

Ndiyo maana nilisimama mbele ya ubao ule nikiwa na huzuni isiyolingana na jambo lenyewe. Nilipiga picha kile kimraba, nikaona ratiba, ramani, hata salamu za mwenyekiti. Nyanya haoni vizuri siku hizi, na simu yake ni ya vibonye. Tulizunguka hivyo hivyo. Binti yangu aliweka kiganja kwenye tumbo la injini ya vipande viwili na kuniambia, "It's warm, Mum," na mimi nikafurahi, ila furaha yangu ilikuwa na kipande kilichokosekana. Tukala pai za nyama kwenye benchi. Kibanda cha chai hakipo tena, siku hizi ni gari la kahawa. Wale wazee wenye vitambaa vya mafuta wamebaki wachache, na waliobaki wanashika kiuno wakiinama.

Kwenye treni ya kurudi nilitazama dirishani nikipanga maneno ya kumwambia nyanya. Binti yangu alikuwa ameinama pembeni yangu na kalamu aliyoichukua mkobani mwangu. Tulipopita Granville akanigusa kiwiko. Alikuwa ameupasua mfuko wa karatasi wa pai kwenye mishono, akaukunja katikati kama kitabu. Mbele alichora injini, ndefu, tumbo katikati, doa la mafuta ya nyama likikaa vizuri mahali pa moshi. Nyuma palikuwa na majina. La babu lilikuwa juu ya yote.

"Babu hakuwepo leo," nikamwambia, nikimjaribu.

"He goes first, Mum. Nyanya's gonna check."

Binti yangu, nikuambie, anaelewa Kiswahili chote. Ukimwambia aoge anaelewa, ukimsengenya anaelewa zaidi. Lakini hujibu kwa Kiingereza, na nyanya amezoea kupokea majibu yake kupitia kwangu. Wengi wa watoto wetu hapa ni hivyo, na nilikuwa nimeacha kupigana.

Binamu yangu wa Minto aliutazama ule mfuko wa pai, akanitazama mimi, akauliza, "Hii ndiyo nibebe? Serious?" Akaubeba. Jumapili ya pili yake, simu ya Nakuru ikalia wakati wa chakula. Nyanya hakunisalimu.

"Kitabu cha mwaka huu wamekichapa vibaya. Kina mafuta."

Nikaanza kueleza habari za ubao na kimraba na mambo ya siku hizi. Akanikata.

"Majina yamekamilika. Nimesomewa, yote yapo. Nimeshakiweka kwenye bati." Nyuma yake jogoo wa jirani akawika. "Ila sikusikia salamu za mwenyekiti. Nani mwenyekiti mwaka huu?"

Nikaiweka simu kwenye spika katikati ya meza. Binti yangu alimeza chapati iliyokuwa mdomoni. Akaisogelea simu.

"Ni mimi, Nyanya," akasema. "Habari za huko?"