Spika za Sebuleni

Harufu ya spika inayoungua imenifikia hapa jikoni, mikono yangu ikiwa ndani ya sabuni. Ni ileile ya nyumbani Moiben. Baba alikuwa na amplifaya ndogo, na jioni hiyo aliifungulia hadi mwisho ili Mama asikie kwaya akiwa zizini anakamua. Sauti ikakwaruza, kisha moshi ukatoka. Mama akaja mbio na ndoo yake.

"Nilitaka usikie," Baba akasema. "Kumbe kaamplifaya kadogo ukikalazimisha kanachoma spika."

"Mzee, mimi huko nilihitaji mtu wa kushika ndama, si wimbo."

Sasa mume wangu anaita kutoka sebuleni: "Mama Watoto, umesikia hiyo besi?"

Nimesikia. Naendelea kusugua sufuria.