Nazi za Kupigwa Picha

Siku ya kwanza nilifika nyumba ya shamba, njia ya Kizimbani, jua halijapanda bado. Ilikuwa miaka ya themanini, wageni wa Ulaya ndiyo kwanza wanaanza kuonekana. Mwenye nyumba, tukimwita Bi Mkubwa, alikuwa mjane wa Kiarabu aliyebakiwa na jumba kubwa na mikarafuu michache. Wageni akiwalaza ghorofani kwenye vitanda vya samadari, na asubuhi akiwapa chai kabla hawajaondoka. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unajua kupika, au unajua kuchemsha tu?"

"Najua kupika, Bi Mkubwa."

"Tutaona. Ulimi wangu haudanganywi."

Skuli niliishia darasa la tatu, lakini mkate wa kumimina naujua. Nyie mnaoununua dukani, nisikilizeni. Mchele unauroweka tangu jana yake, asubuhi unausaga kwa tui zito, lile la kwanza kukamuliwa kwenye kifumbu. Unatia sukari, iliki na hamira, unauacha uumuke. Ndipo unaumimina sufuriani, makaa chini, na makaa mengine juu ya kifuniko. Na nazi ikunwe asubuhi ile ile. Ya jana imeshachacha, hata ukiificha kwa iliki. Mkate wangu wa kwanza Bi Mkubwa aliutupa. Wa pili akaula mpaka ukaisha, nikajua nshapata kazi.

Nilipika pale miaka kumi na kitu. Mwenyewe alikaa mezani na wageni, maana kwetu mgeni haachwi ale peke yake. Wakisifu chakula ataniita: "Bi Zuwena! Njoo wamwone aliyepika."

Alipofariki, warithi wakaikodisha nyumba. Akaja Meneja, kijana wa tai, na mpishi wake wa kofia ndefu.

"Bibi, nnakupandisha cheo," akaniambia Meneja. "Wageni wanataka kuona utamaduni. Utakaa barazani kila asubuhi ukune nazi."

Nikafurahi, mjinga mimi! Nikakalia mbuzi yangu, kamera zimenizunguka. Nikimaliza, mpishi analichukua sinia la nazi na kuingia nalo jikoni. Mkate ukitoka, wageni wananipigia makofi. Natabasamu.

Mwezi mzima hivyo. Siku moja nikaumega ule mkate. Unga mtupu, na tui lina harufu ya bati. Nikazunguka nyuma ya jiko. Nazi yangu yote iko banda la kuku! Majogoo yamenona mpaka hayawezi kuruka. Dirishani yamepangwa makopo ya tui.

"Hii nini?" nikamuuliza mpishi.

"Nimeamrishwa, Bi Zuwena. Ya kopo haina usumbufu."

Nikamwendea Meneja, sinia mkononi.

"Bibi, usikasirike. Nazi yako ni ya picha. Kazi si unayo?"

"Kazi ya kulisha kuku?"

"Wageni hawajui tofauti."

"Mimi naijua! Nirudishe jikoni."

"Jikoni pana mpishi. Barazani au nyumbani, chagua."

Nikaenda mezani, Meneja nyuma yangu. Palikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima, kila asubuhi akinishika mikono kwa ajili ya ule mkate. Nikamwambia mtembeza wageni: "Mfasirie. Mkate huu sikuupika mimi. Nazi yangu imeliwa na kuku." Akamtazama Meneja, akamfasiria. Yule mama akakirudisha kipande sahanini, uso umemwiva. Nikavaa buibui langu, nikaondoka.

Watu walisema nimeipiga teke riziki kwa hasira za uzee. Riziki kaiandika Mungu, hakuiandika Meneja. Hasira ninazo mpaka leo, na nyingi ni za nafsi yangu. Mwezi mzima nilikaa kusifiwa, nisiingie jikoni kuonja. Mpishi gani huyo? Nyie wajukuu mnaofanya kazi mahotelini, mkisifiwa, kwanza kaonjeni.

Juzi mjukuu wangu kapita kule, kaniambia picha yangu imetundikwa mapokezi, kubwa kama mlango, chini yake wameandika kuwa bibi huyu ndiye anayepika mkate wa nyumba. Anayepika! Nshamwambia akaishushe. Akiona haya, nitakwenda mwenyewe. Njia naijua.