Abiria wa Otaru Ambaye Hajashuka

Kabla hujacheka, nisikilize mpaka mwisho. Mimi ni Mpokomo wa Kulesa, mtu wa kanisa, na tangu nibatizwe sijaonja mnazi hata wa kulambishwa. Siku ninayokusimulia sikuwa na homa wala sikuwa ndotoni. Nilikuwa macho kama unavyoniona sasa, na shahidi yupo: Athmani wa Kipini, aliyekuwa mpishi wa meli yetu. Nenda kamuulize. Unataka kujua kwa nini mimi, mtoto wa mvushaji, ninakaa hapa Garsen nikiutazama Mto Tana kutwa nzima na siwezi kutia mguu mtumbwini? Basi ni hivi.

Nilikuwa natia makaa kwenye tanuri la meli ya mizigo iliyotoka Kilindini. Nilimwacha mke wangu Rebeka na mimba ya miezi minne, huko ng'ambo ya mto kwenye mashamba yao ya mpunga. Kazi ile niliitaka kwa sababu moja tu, nirudi nimjengee nyumba ya mabati, mtoto wetu akue chini ya paa lisilovuja. Nilikuwa namuwaza mtoto huyo kila siku, na sura yake siijui. Nilijiapia kwamba nikirudi nitamvusha mimi mwenyewe hadi nyumbani kwake.

Tulifika Otaru katikati ya majira yao ya baridi. Ni mji wa bandari, kaskazini kabisa mwa Japani. Tanuri lilikuwa limepasuka, nahodha akasema tutakaa siku tisa. Athmani akanivuta mkono. "Ndugu yangu, twende tukatembee mji. Ukirudi kwenu utasema umeona nini, makaa?"

Niamini, ule mji ni wa kutazamwa. Theluji ilinifika kiunoni pembeni mwa njia, na juu ya mapaa ilikaa nene kama magodoro. Tena tuliwakuta katika wiki ya sherehe zao za theluji. Uwanjani walikuwa wameifinyanga wakatengeneza tembo mzima na mkonga wake, na samaki mkubwa kuliko mtumbwi wa baba, na kilima ambacho watoto walipanda halafu wakateleza kwa matako huku wakipiga kelele. Ngoma zilikuwa zinalia. Kila mtu alikuwa anatoa mvuke mdomoni, mpaka farasi. Nilicheka peke yangu kama punguani, nikipuliza na kuutazama wangu.

Na chakula je? Tulikula kaa wenye miguu mirefu kama fito, tukala tambi kwenye supu ya moto, na viazi vya kuchemsha vilivyounguza vidole. Mama mmoja muuzaji akatuwekea wali na samaki mbichi juu yake. Nikamwambia Athmani, "Samaki mbichi kwetu ni chakula cha mamba." Akala wake, akala na wangu. Yule mama akatucheka na kutuongeza supu bila kututoza. Nilifurahi sana siku ile, sikufichi. Nilijisemea kwamba mwanangu nitamsimulia yote haya.

Jua la huko ni la haraka. Saa kumi na moja jioni haijafika, giza limeshaingia. Athmani alikuwa bado na bakuli mkononi, mimi nikatoka kunyoosha miguu. Nikaufuata mfereji mpana unaopita kati ya maghala. Maji yake yalikuwa meusi, vipande vya barafu vinaelea. Hapo kwenye ngazi ya mawe nikaona mashua bapa imefungwa, na ndani yake umelala upondo.

Unajua upondo ni nini kwa mtu wa Tana? Huo mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mimi niliushika kabla sijavaa suruali. Miezi mingi sikuwa nimeugusa. Nikavua glavu, nikashuka mashuani, nikaushika. Nilitaka kuusikia tu mkononi, basi, nirudi kwenye supu.

Ndipo nikaitwa kutoka ukingo wa pili.

"Wee mwenye upondo, nivushe."

Kwa Kipokomo. Tena cha Kulesa, kwa sauti ya mtu aliyekulia pale. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda shali ya kijivu, na mgongoni ana mzigo.

Hapa lazima nikueleze, vinginevyo utaniona mjinga. Kwetu, mtu akikuita kutoka ng'ambo na wewe umeshika upondo, humkatalii. Hata kama mligombana jana. Humuulizi ni nani, unamvusha kwanza. Naye akikanyaga nchi kavu husema, "Nimeshuka," nawe hujibu, "Haya, salama." Mpaka aseme hivyo, bado ni abiria wako na yuko mikononi mwako, lolote likimpata ni juu yako. Mtu wa Mombasa angetimua mbio. Mimi mdomo wangu ulijibu kabla ya kichwa: "Nakuja, mama."

Nikafungua kamba, nikaenda. Akapanda bila kuitikisa mashua, akaketi akinipa mgongo. Lakini mashua ilizama mpaka maji yakalamba ukingo, kama nimepakia magunia kumi ya mpunga. Mwanamke mwembamba vile! Nikasukuma. Baridi ikapanda kwenye upondo ikaniingia viganjani, nikataka kuvuta mikono nisiweze. Nikasema nimzungumzishe. Alipogeuza shavu nikaona theluji imemkalia kwenye kope na haiyeyuki. Akanijibu maneno mawili tu.

"Nipeleke kwako."

Na alipoyasema, mdomoni mwake hapakutoka mvuke hata kidogo.

Nilipoinua macho, ndipo nikaliona daraja. Lilikuwa pale pale siku zote, hatua hamsini tu, na taa juu yake, na watu wanapita. Kwa nini mtu mwenye daraja aombe kuvushwa? Nilisukuma kwa nguvu zote nilizonazo, nikagonga ngazi, nikainama kuibana kamba kwa mguu. Kuinuka, hayupo. Ngazi nzima ilikuwa na theluji mpya, haina alama ya mguu. Na mashua bado imezama vile vile.

"Umeshuka, mama?" nikaita. "Mama, umeshuka?"

Neno lile la kushuka halikutamkwa. Athmani alikuwa amesimama darajani ananitazama, bakuli la watu bado mkononi. "Una wazimu?" akaniuliza. "Nimekuona unakwenda peke yako na kurudi peke yako, unaongea na ubao." Nilipojaribu kuachia upondo, ngozi ya viganja ilibaki juu yake. Daktari wa meli alinikata vidole viwili. Ndio hivi unavyoviona havipo.

Safari ya kurudi ilipita salama. Sasa najua kwa nini. Meli ni kubwa, uzito wa abiria mmoja wa ziada hauonekani.

Nilifika Garsen kwa lori, mchana wa jua kali. Rebeka alikuwa amevushwa na kaka yake kuja kunipokea, amembeba mwanangu Danieli, ana meno mawili. Nikamshika. Nikalia mbele za watu, sikuona haya. Nyumba ya mabati ilikuwa tayari ng'ambo, fedha nilikuwa nazituma. Shemeji akachukua upondo, nikamnyang'anya. "Leo mke wangu na mtoto wangu nawavusha mwenyewe." Watu wakanipigia vigelegele.

Mtumbwi ulipotoka tu ukingoni, ukazama mpaka mdomoni.

Nikajidanganya kwamba ni mikono yangu, imepoteza mazoea. Tulipofika katikati, upondo ukawa wa baridi. Jua la saa nane, jasho linanitiririka, na upondo ni barafu! Rebeka alikuwa ameketi mbele akinitazama. Macho yake yakatoka kwangu, yakaenda nyuma yangu, yakabaki huko. Akamfunika mtoto kwa leso, halafu akasema polepole, "Baba Danieli, huyo uliyempakia ni nani?"

Sikugeuka. Danieli alikuwa ameacha kupiga kelele zake. Midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, mikono imekakamaa. Mwanangu alikuwa anakufa kwa baridi katikati ya Mto Tana, mbele ya macho yangu, na aliyemletea ni mimi.

Nikamrushia Rebeka upondo, nikajitupa majini. Mamba wapo pale, kila mtu anajua, lakini sikuwakumbuka. Nilipoibuka niliona mtumbwi umeinuka kiganja kizima, na nikamsikia mtoto analia. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Rebeka alisukuma mpaka ng'ambo, nami nikaanza kuogelea kumfuata. Akageuka, akanipigia ukelele ambao watu wa Garsen wanaukumbuka mpaka leo.

"Usije! Usimshushe huku!"

Ndipo nikaelewa. Aliniambia nimpeleke kwangu, na kwangu ni kule. Siku nitakayogusa ukingo ule, atatamka neno lake na kushuka, mlangoni kwa mwanangu. Nikageuza, nikarudi nilikotoka.

Huu ni mwaka wa tatu. Nyumba yangu ya mabati naiona kutoka hapa, jua likiipiga, na sijalala ndani yake hata siku moja. Mchungaji ameomba mpaka sauti imemkauka. Wengine wanasema nimrudishe alikopandia. Otaru? Kwa nauli ya nani? Rebeka hajaniacha. Kila Jumapili kaka yake anamleta pamoja na mtoto, ananiletea wali na kambare, tunaongea, lakini alichokiona siku ile hajaniambia. Nikimuuliza anaosha vyombo. Na mimi naogopa, siku hadi siku, kwamba atachoka.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayependa kutembea miji ya watu. Tazama, kula, cheka nao, maana ni watu wema. Lakini usishike chombo cha kazi ambacho si chako kwa sababu tu kimekukumbusha kwenu. Ukiitwa kwa lugha ya mama yako mahali ambapo hakuna anayeijua, usiitike.

Na kama huniamini, njoo hapa Jumapili jioni, wanapoondoka. Utamwona Danieli mtumbwini, amesimama, ananinyooshea mikono nipande naye twende nyumbani. Mimi nakuwa nimeificha yangu mgongoni, nisije nikagusa hata ubao. Analia mpaka wanafika ng'ambo, kwa sababu anadhani baba yake hamtaki.