Kong Badalin na Wimbo Uliopunguzwa Mwendo

Kong Badalin Nongrum, yaani Dada Badalin kwa Kikhasi, alikuwa na nyimbo arobaini na mbili, lakini mji mzima wa Shillong, India, uliujua mmoja tu, tena uliuimba vibaya. Aliusikia harusini, aliusikia kwenye vibanda vya chai, na kila mahali waliuburuza kama watu wanaopandisha jeneza mlimani. Yeye aliutunga ukiwa roki ya kuwarusha watu vitini. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, na alikuwa amechoka kabisa.

Ibanri, binti mpiga gitaa, alipokuja kumwomba aimbe na bendi yao ya wasichana, alimkubalia kwa sharti moja: waupige wimbo ule kwa mwendo wake wa asili. Siku ya kwanza ya mazoezi hawakufika hata kwenye kiitikio.

"Simameni! Nani amekufa?"

"Lakini Kong, ndivyo ulivyo kwenye kanda," alisema Ibanri, akatoa kanda kuukuu ya mama yake, akaichezesha. Ikatoka sauti nzito, ya kuvuta.

"Huyu mwanamume ni nani?"

"Ni wewe, Kong."

Kong Badalin alichukua mwavuli wake akaenda moja kwa moja kwa Bah Kitbok, au Kaka Kitbok, mpiga dramu wake wa zamani, ndiye aliyekuwa akinakili kanda zao. Alimkuta mlangoni anatafuna tambuu.

"Kitbok, ulizinakili vipi zile kanda?"

"Umeme ulikatikakatika siku zile, dada. Ile ya kwanza niliichezesha kwenye redio ya betri. Betri zenyewe zilikuwa zimechoka kidogo, kanda ikajivuta."

"Kidogo! Miaka arobaini watu wananisikia dume!"

"Sasa ungependa wasikusikie kabisa? Zilitoka kanda mia mbili, zikafika mpaka mji wa Jowai. Hawa mabinti wamejifunza gitaa kwa hizo."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko kosa lenyewe. Akarudi kuwakamua wasichana wiki tatu, mpaka vidole vya Ibanri vikatoka malengelenge.

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho, ukumbi ulijaa. Walianza kwa kasi, ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Kwenye wa pili pumzi ilimkatika Kong Badalin, na watu ukumbini, waliozoea mwendo wa kanda, wakabaki nyuma wakiimba wao. Mambo yakachanganyika. Msichana wa dramu akapotea, bendi ikanyamaza. Watu hawakunyamaza.

"Mnaniharibia wimbo!" alifoka kwenye maiki. Wakacheka, wakaendelea polepole, kwa sauti nne kama wanavyoimba kanisani.

Alisimama mkono kiunoni. Ubeti ule wa pili aliuandika wakati mama yake amelazwa hospitalini, na kwa kasi ile alikuwa akiumeza kila alipouimba. Sasa neno moja moja lilikuwa likimfikia, kutoka vinywani mwa watu wasiomjua mama yake. Hasira haikumtoka. Lakini kwenye ubeti wa mwisho akaimba pamoja nao, kwa mwendo wao.

"Msidhani nimekubali," aliwaambia walipomaliza kupiga makofi.

Jumatatu aliwapa wasichana wimbo mwingine, ambao haukuwahi kunakiliwa na mtu yeyote. Hawakuwa wamepiga hata nusu ubeti alipoinua mkono.

"Ibanri, mwanangu, gitaa si jembe. Anza tena."

Mchana ule walianza tena mara kumi na moja.