Ndama wa Bunduki

Mwaka ule tulikula ugali wa mahindi ya njano, na Baba alikuwa amenunua shamba huku Soy. Juzi niliona askari na bunduki fupi, nikacheka. Nilimkumbuka jirani yetu aliyetunza farasi wa mzungu. Siku moja mwaka ule alileta karabini, bunduki fupi ya wapanda farasi, ikinuka mafuta, akitaka tumpe ng'ombe wetu mmoja wa maziwa.

"Risasi ni kama za ile ndefu," alisema. "Mtutu tu ndio mfupi, isikusumbue juu ya farasi."

Mimi nilidhani ni ndama wa bunduki, itakua. "Mama, chukua, tutailisha!"

Baba alishaanza kufungua kamba ya ng'ombe. Mama akamzibia njia. "Bunduki haikamuliwi."

"Na wezi wakija, Mama Chebet?" Baba alimuuliza.

"Bunduki haikamuliwi."