Ubeti Niliouruka

Mwezi uliopita nilipanda kwenda nyumbani, juu ya Soni, kwa ajili ya arobaini ya bibi yangu. Nikiwa njiani na mfuko wa mchele kichwani, ukungu umefunika kila kitu, nikasikia watoto wa shule wanaimba:

Milima yetu ya kijani, tunaitunza,
maji yetu ya baridi, tunayatunza.

Nilitua mzigo, nikakaa kwenye jiwe. Ule wimbo, ndugu yangu, aliutunga bibi. Siku hizi unaimbwa kwenye kila sherehe huku kwetu, watu wanapunga bendera, na hakuna anayejua kwamba aliyeutunga alikuwa analia.

Tulikuwa na shamba bondeni, kando ya kijito. Udongo wake ulikuwa mweusi na haukukauka hata kiangazi. Tulilima kabichi, maharage na magimbi. Kazi yangu ilikuwa kufungulia maji ya mfereji kabla ya kwenda shule, miguu ikifa ganzi kwa baridi. Jioni makande yalichemka jikoni kwa bibi, na moshi wa kuni za miwati ulilala kwenye sare yangu mpaka darasani. Kisha wakaja watu na kamba za kupimia, wakachimbia mawe meupe ya mpaka. Tukaambiwa bonde sasa ni la mradi wa miche. Sisi tukahamia kwenye mteremko, kwenye kokoto.

Bibi hakwenda kugombana na mtu. Yeye ndiye aliyeimbisha wanawake kwenye msaragambo, ile siku ya kijiji kizima kulima pamoja, na huko jambo zito lilikuwa na utaratibu wake. Beti za mbele ni za kusifu, majembe yanakwenda. Ubeti wa mwisho ndio unaosema shida yenyewe. Ukifika huo, majembe yote yanalazwa chini, watu wanatulia ili mhusika asikie. Aliyeimbiwa hivyo lazima ajibu.

Basi iliposemwa kwamba mgeni rasmi anakuja shuleni, mtu mkubwa wa kuweza kurudisha bonde, bibi akampelekea mwalimu wimbo wake. Mwalimu hakuwa mtu wa milimani. Alisikia milima na maji, akafurahi, akanichagua mimi niongoze. Ubeti wa mwisho bibi alinifundisha mwenyewe, tukipukuchua mahindi.

"Ukifika hapo usicheze," aliniambia. "Wanyamazishe wenzako. Mwamkie mgeni shikamoo, halafu imba polepole. Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, bibi."

Siku yenyewe wanawake walikuwa nyuma ya madarasa wakipika pilau ya wageni, bibi akimenya viazi. "Tabasamuni!" mwalimu alitunong'oneza. "Uzalendo haununi!" Tukaimba. Mgeni akainuka, akaanza kucheza, vigelegele vikapasuka. Akanisogelea, akavua kofia yake, akanivalisha. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kunitazama vile. Wakati wa kulaza majembe ukafika, na niliujua. Nikarudia kiitikio. Nikakirudia tena.

Bibi alinijia mbio, maganda ya viazi yamemganda mikononi.

"Umeuimba?"

"Nimeuimba."

"Akafanyaje?"

"Alinyamaza," nikasema. "Akatikisa kichwa."

Jirani yetu akacheka. "Mama wee, nasikia mkubwa kacheza mpaka kofia ikamtoka!"

"Amecheza beti za mbele," bibi alimjibu. "Huo wa mwisho amenyamaza. Mtoto ameniambia."

Akaanza kusubiri jibu. Kila gari lilipounguruma kwenye kona, alisimamisha jembe, akajifunga kanga vizuri, akatazama barabarani. Mahindi ya mteremkoni yalituishia kiunoni, na bado alisema mgeni anafikiria, mambo ya wakubwa yanachukua muda. Macho yake yalipoharibika, akawa ananiuliza mimi hilo ni gari la nani. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu. Sikumwambia. Mwaka huu amekufa, na bado sikuwa nimemwambia.

Baada ya dua ya arobaini nilikwenda shuleni. Jengo ni jipya, msaragambo haupo tena, na chini bondeni mawe meupe yameota ukungu wa kijani. Nilimkuta mwalimu msichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ule wimbo mnaouimba una ubeti wa mwisho. Niliuruka mimi."

Hakuniuliza kwa nini. Alifungua daftari upesi. "Niimbie, mama, niuandike."

Nikasimama, nikalegeza kanga, nikaimba, "Mgeni wetu, shuka nasi bondeni..."

Hapo nikakwama. Nilijaribu tena kutoka mwanzo, nikakwama palepale. Bibi hakujua kuandika, na hakumfundisha mtu mwingine. Nje watoto walikuwa wamefika kwenye kiitikio, wanacheza.

Mwalimu alishika kalamu, akanisubiri.